Skrubu ya Sita

Dada yangu alistaafu uuguzi mwezi wa sita, na kabla mwezi wa saba haujaisha alikuwa keshapata mgonjwa mwingine wa kumwangalia. Mgonjwa huyo ni kompyuta yetu ya mezani: skrini, kibodi, na lile sanduku jeusi linalokaa sakafuni chini ya meza. Nasema yetu kwa sababu tulichanga, lakini ukimuuliza yeye, mimi ni mtu wa kuja saa za kutazama wagonjwa na kuondoka.

Wala simsengenyi. Haya yote nimeshamwambia usoni, tena kwa sauti ambayo jirani aliisikia na akanijibu kutoka kwake. Nampenda dada yangu. Lakini haambiliki, hasemezeki, na kila Jumamosi asubuhi ananitoa roho.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Mtaa mzima unamwita Sista, hata mwenye duka ambaye kwa umri ni baba yetu mdogo. Kazi yake mle ndani, pamoja na nyingine, ilikuwa kuhesabu. Kabla mgonjwa hajapasuliwa anahesabu mikasi, sindano na vitambaa. Kabla hajafungwa anahesabu tena. Hesabu isipotimia hakuna anayefunga, hata daktari awe mkubwa kiasi gani, mpaka kilichopotea kipatikane. Mara moja alimsimamisha daktari bingwa dakika arobaini kwa ajili ya kitambaa kimoja, na hicho kisa nimekisikia mara nyingi kuliko wimbo wa taifa.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe kompyuta.

Kila Jumamosi, saa moja kamili, mashine inapata huduma. Mvua inyeshe, wageni wawe sebuleni, huduma iko palepale. Anaanza kwa kunawa mikono mpaka viwiko. Jamani, viwiko! Anavaa glavu, barakoa na aproni ya kijani aliyotoka nayo kazini. Anazima mashine, anachomoa waya ukutani, halafu anabonyeza tena kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe. Anatandika taulo jeupe mezani, anaweka kisahani cha bati, ndipo anafungua skrubu za ubavuni, tatu kulia na tatu kushoto. Kila skrubu ameitia nukta nyekundu kichwani kwa rangi ya kucha, asije mtu akamwekea skrubu ya kuokota. Anazihesabu kwa sauti, sita, anaandika kwenye daftari na kutia sahihi. Sahihi! Nani anaikagua, mimi sijui.

Kisha anatoa vumbi: brashi ya rangi kwa feni, pampu ya mpira kwa pembe ambazo mkono haufiki, pamba na spiriti kwa mafuta ya vidole kwenye kibodi. Mwezi wa kwanza, nakubali, lilitoka vumbi la kutisha. Tangu hapo, kwa kusafisha kila wiki, hakuna vumbi lolote la kutoa, ila yeye analitafuta tu na asipolipata anaona kama limejificha.

Akimaliza mwili anaingia kichwani. Anafuta faili zisizo na kazi na kukagua virusi; masasisho huwa ameyaruhusu mapema, kabla ya kuizima. Picha na barua zetu anazinakili kwenye flashi mbili, moja inakaa kabatini na nyingine inapelekwa kwa jirani, kwa sababu "nyumba ikiungua je?" Kila mwisho wa mwezi anabadilisha nenosiri kama anavyobadilisha shuka. Mwezi wa tisa nilikaa siku mbili bila kufungua kompyuta kwa sababu nenosiri jipya aliliandika daftarini kwa mwandiko wa hospitali, nami nilisoma "g" pale palipokuwa na tisa.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Nina miaka arobaini na minne na bado ananiita "wewe mtoto". Nafundisha chekechea. Nafundisha, lakini kwenye karatasi ni msaidizi, na nimekuwa msaidizi miaka kumi na sita. Nimewafungia kamba za viatu watoto ambao sasa wana ndevu. Mwaka huu ikatoka amri kwamba asiye na cheti hadi mwezi wa kwanza, darasani haingii. Mtihani wa cheti mtu anaruhusiwa mara tatu tu. Mara mbili nilikuwa nimeshaanguka, ya pili kwa alama tatu. Hii ilikuwa ya mwisho, na nikianguka hii, basi, nakwenda kutafuta kazi ya kufagia.

Mtihani wenyewe siku hizi unafanyika nyumbani kwa intaneti. Unasajili kompyuta moja wiki mbili kabla, na hairuhusiwi nyingine. Saa nne kamili unaanza. Saa nne na robo mlango unafungwa, na ukichelewa umechelewa. Msimamizi anakutazama kupitia kamera mwanzo mpaka mwisho. Mtu mwingine akionekana au akisikika, ukitamka neno, ukiinuka kitini, unafutwa papo hapo na hakuna wa kumlilia. Tarehe ikatangazwa. Jumamosi! Nilipoiona nikajishika kichwa, maana nilijua balaa limeshakata tiketi na liko njiani.

Tangu Jumatatu nilimbembeleza. "Dada, wiki hii huduma ihamie Jumapili."

"Mashine ina kazi ya kufa na kupona Jumamosi, nawe unataka iingie kazini haijaandaliwa?" akaniuliza. "Nyinyi ndio mnaoua watu."

"Dada, si mtu!"

"Saa mbili nitakuwa nimemaliza. Kalale."

Saa mbili ikafika, hajamaliza. Nikapiga pasi blauzi, nikajikaza nisiulize. Saa mbili na nusu akatokea mlangoni, barakoa kidevuni, kisahani mkononi.

"Ziko tano," akasema.

Sikuuliza tano za nini.

"Funga na hizo tano," nikamwambia. "Upande mmoja tatu, upande mwingine mbili. Ule mfuniko hauendi popote, dada. Hauna miguu."

"Asubuhi nimehesabu sita. Nimeandika sita. Sasa ziko tano. Maana yake moja iko ndani." Akaniangalia kama vile mimi ndiye mwanafunzi mpya wa uuguzi. "Ikiwa imelala juu ya ile bodi ya kijani na wewe ukapitisha umeme, mtihani wako utauandikia moshini."

Hapo, kusema kweli, alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekuwa anasema upuuzi ningemsukuma pembeni. Tukaanza kutafuta. Sanduku tukaliinua, tukaligeuza kichwa chini, tukalitikisa kama mtoto aliyepaliwa, halikutoa kitu. Tukafagia chumba, akachuja taka kwa chujio la chai. Zulia tukalikung'uta nje. Akaleta sumaku ya mlango wa kabati akaifunga kwenye kijiti na kuipitisha kila pembe. Saa tatu akaniambia nitoe mifuko yangu nje. Nikatoa. Saa tatu na dakika kumi akanikagua nywele.

"Nywele, dada?"

"Nimeshaona sindano kwenye kofia ya daktari. Inama."

Nikainama. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, nimevaa blauzi ya mtihani, nimeinama nakaguliwa chawa wa chuma. Kichwa kilikuwa kinaniwaka, si kwa vidole vyake.

Saa tatu na nusu nikaanza kupiga kelele. Saa tatu na dakika arobaini nilikuwa bado napiga. Nilimwambia kwamba hospitali ilimstaafisha ipumzike. Nilimwambia kwamba hata hiyo mashine ingekuwa na mdomo ingeomba kuhamishiwa wodi nyingine. Yeye amepiga magoti, tochi mdomoni, anachungulia ndani ya sanduku. Nilipoona maneno yamekwisha, nikakaa chini pale mlangoni nikalia, tena si kilio cha adabu. Nililia kile cha watoto wangu wa chekechea, cha kamasi.

"Miaka kumi na sita," nikasema. "Miaka kumi na sita nafuta makalio ya watoto wa watu, na cheti changu kinanishinda kwa skrubu."

Akatoa tochi mdomoni. Akaitazama ile mashine iliyo wazi pande zote mbili, waya zake nje. Ninavyomjua dada yangu, lile alilosema baadaye lilimuuma kuliko kung'oa jino.

"Washa."

"Bila mfuniko?"

"Washa kabla sijabadili nia. Mimi nitakaa nayo."

"Utakaa nayo wapi? Hatakiwi mtu chumbani!"

"Chini. Kamera inatazama uso wako, haitazami miguu. Sitaiacha wazi peke yake na kitu kikiwa ndani." Akalala chali sakafuni na kujiburuta chini ya meza, yeye na magoti yake mabovu, miaka sitini na mitatu, mpaka akatoweka kati ya sanduku na ukuta. "Na usinipige teke."

Nikawasha. Saa nne kasoro dakika mbili. Haikutoa moshi. Nikasema haya, tumepona. Skrini ikawa buluu, ikaandika: Inasakinisha masasisho, asilimia nne. Usizime kompyuta.

Nilitazama ile asilimia nne mpaka machozi yakakauka yenyewe. Ni yeye. Saa moja asubuhi, kabla hajamfungua mgonjwa, alimruhusu masasisho, kama kila wiki. Asilimia tisa. Saa nne kamili. Asilimia kumi na tisa. Nikamuita kwa jina la marehemu mama, jambo ambalo katika ukoo wetu maana yake ni matusi makubwa yako karibu.

"Vumilia," ikasema sauti ya chini ya meza. "Ni ya usalama."

Saa nne na dakika kumi ikafika asilimia mia, ikajizima, ikajiwasha. Nenosiri nikalikosea mara mbili. Saa nne na dakika kumi na tatu nikaingia. Msimamizi, ambaye sikumwona uso, ananiandikia tu pembeni mwa skrini, akaniandikia: Mtahiniwa, tazama kamera. Nikaitazama. Akaandika: Anza. Usizungumze.

Swali la kwanza sikumbuki. La pili sikumbuki. La tatu nalikumbuka kwa sababu lilinitukana: Taja njia nne za kumtuliza mtoto mwenye hasira, na ueleze kila moja. Mimi! Nikaandika njia tano.

Muda wote huo namsikia. Si kwa wengine, kwangu tu: kitambaa kikiburuzwa, kiwiko kikigusa mguu wa meza, na mwanga wa tochi ukipita juu ya vidole vya miguu yangu. Anatafuta. Kisha mwanga ukazimika. Nikajua betri zimekwisha na sasa anapapasa kwa vidole, na kila nilipofikiria vile vidole vyake karibu na feni inayozunguka, nilikosea neno nikalifuta.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Msimamizi aliandika tena: Mtahiniwa, tazama mbele. Nikainua macho kwenye kamera, ile kamera ndogo iliyobanwa juu ya skrini. Ubavuni mwa shingo yake, pale inapokunjwa, kulikuwa na skrubu nyeusi. Kichwani ina nukta nyekundu.

Yote yakanirudia. Asubuhi, dada alipokuwa ukumbini anapuliza vumbi kwa pampu, mimi nilipita na mswaki mdomoni kufunga kamera. Shingo ilikuwa imelegea, kiskrubu chake kimedondoka. Nikapapasa mezani pale pembeni ya taulo, nikashika skrubu, nikakaza kwa ncha ya kisu, nikaenda kutema povu. Sikuitazama hata kidogo. Ni mimi. Nimelia, nimetukana, nimemwita kwa jina la mama, na aliyeiba skrubu ni mimi.

Na siwezi kusema! Neno moja tu, "dada, toka", na miaka kumi na sita imekwenda na maji. Siwezi kuinuka. Siwezi hata kumgusa kwa mguu, nikimgusa atashtuka aseme. Nilikaa pale uso mkavu kama picha ya kitambulisho, na miguuni pangu ndugu yangu wa tumbo moja amelala kwenye saruji anatafuta kitu ambacho mimi nakitazama. Dakika ishirini nzima sikuandika herufi. Nilijiuliza mimi ni mtu wa namna gani. Kisha nikaona saa inakwenda, nikajisema kwamba nikianguka sasa hivi nitakuwa nimemlaza chini bure, nikainamia kibodi nikaandika kwa hasira, hasira ya kujichukia, mpaka swali la nane, la mwisho.

Nilifaulu. Nasema mapema usikae roho juu. Majibu yalikuja baada ya wiki tano na cheti kiko ukutani. Lakini siku ile sikujua, na siku ile sikujali sana.

Saa saba kamili skrini ikaandika kwamba mtihani umefungwa. Taa ya kamera ikazimika. Nikaifungua ile skrubu kwa ukucha mpaka ukucha ukavunjika, nikapiga magoti nikachungulia chini ya meza. Alikuwa chali vilevile, tochi kifuani, mikono juu yake.

"Wameondoka?" akanong'ona.

"Wameondoka. Dada, nisikilize kwanza, halafu unipige. Skrubu hii hapa. Niliifunga mimi kwenye kamera asubuhi, sikujua. Nimeiona tangu saa tano kasoro, nikakuacha hapo chini saa mbili nzima unatafuta, kwa sababu ya mtihani wangu. Nisamehe."

Akaitazama ile nukta nyekundu, wala hakunyoosha mkono kuipokea.

"Mimi nimeiona saa nne na nusu," akasema.

"Umeiona?"

"Si nimelala chali? Nilipiga tochi juu, kwenye pengo la nyuma ya meza, nikaona nukta yangu shingoni mwa kamera. Nikazima tochi."

"Sasa mbona hukutoka?" Sauti ilinipanda tena, sijui hata ilitoka wapi. "Dada, saa mbili na nusu! Saruji yote hii! Mbona hukutoka?"

"Nitokee wapi? Mlango uko mbele ya kamera." Alisema taratibu, kama anamweleza mtoto. "Ningetoka wangeniona, wangekufuta. Nikasema nikae."

Kumbe hakuwa anatafuta kitu. Alilala tu pale gizani, amebana kikohozi, amebana magoti, na juu yake mimi nadhani bado anatafuta. Machozi yakaanza upya.

"Wewe mtoto, utalia baadaye," akasema dada. "Maswali umejibu yote?"

"Yote."

"Basi nishike. Mguu huu wa kushoto siusikii tangu saa tano."

Nikajiburuta chini ya meza na blauzi yangu ya pasi, nikamshika makwapani, nikamvuta.